Sura ya 7: Joto la Mnara

Piga simu ya video ukiwa mahali ambapo mtandao unasuasua, kisha baada ya dakika kumi shika mgongo wa simu yako. Una moto. Sehemu ya joto hilo inatoka kwenye kioo, nyingine kwenye ubongo wa simu unaochakata picha. Lakini kuna joto jingine linalotoka kwenye kipande kidogo kisichofikia ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kilichobanwa karibu na antena. Kazi ya kipande hicho, kiitwacho amplifaya, ni kulichukua wimbi dhaifu lililobeba sauti na sura yako na kulipa nguvu za kufika mnarani. Ukiwa mbali, mnara wenyewe huiamuru simu ipaze sauti, na simu ya 4G hupaza hadi takriban wati 0.2. Ni nguvu ndogo kuliko ya tochi iliyo kwenye simu hiyo hiyo. Hata hivyo, ili wati hizo 0.2 zifike kwenye antena, betri hulazimika kutoa mara mbili, mara tatu au zaidi ya hapo. Tofauti ndiyo inayokuunguza kiganja.

Sasa inua macho uutazame mnara. Juu kabisa, nyuma ya antena zile ndefu bapa, kuna masanduku yenye mapezi ya alumini yaliyopangwa kama meno ya kitana. Wengi hudhani ni sehemu ya antena. Mapezi hayo yamewekwa ili upepo upite katikati yake na kuondoa joto, na joto hilo ni umeme uliolipiwa ukashindwa kuwa wimbi. Katika kituo cha mnara, amplifaya za kurushia mawimbi ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme kuliko kifaa kingine chochote. Mahali penye gridi ya taifa, hilo huonekana kwenye bili. Mahali pasipo na gridi, na Afrika Mashariki tunapajua vizuri mahali pa namna hiyo, umeme huo unatoka kwenye jenereta iliyoletewa dizeli kwa gari kupitia barabara ya vumbi, au kwenye paneli za jua na betri zilizonunuliwa kwa gharama kubwa. Kila wati inayopotea juu ya mnara imesafirishwa kutoka mbali.

Nimelala usiku mwingi katika kijiji ambacho sauti pekee baada ya saa nne ilikuwa mngurumo wa jenereta ya mnara. Watu walikuwa wameshaizoea, hawaisikii tena. Mimi niliisikia, na swali lililonijia kila mara lilikuwa lile lile: kwa nini mashine yenye akili nyingi hivi inapoteza kiasi kikubwa hivi?

Jibu linaanzia kwenye tabia ya transista iliyo ndani ya amplifaya. Joto ndani ya transista ni zao la vitu viwili kwa pamoja: volti iliyobaki juu yake, na mkondo unaopita ndani yake. Kimoja kikiwa sifuri, hakuna joto. Transista iliyofungwa kabisa haipitishi mkondo, kwa hiyo haiungui. Iliyofunguka kabisa inapitisha mkondo mwingi lakini haina volti juu yake, kwa hiyo nayo haiungui. Taabu iko katikati, pale inapokuwa imefunguka nusu. Mwaka 1975 Nathan Sokal na mwanawe Alan walichapisha mpango wa amplifaya iliyoshika kanuni hii kwa ukamilifu: transista inafanya kazi kama swichi, na saketi inayoizunguka imepangwa ili volti iwe imekwisha kushuka hadi sifuri wakati swichi inapofunguka. Alan alikuwa bado kijana, na baadaye alijulikana duniani kama mwanafizikia. Amplifaya yao ilikuwa na ufanisi mkubwa sana. Ilikuwa na sharti moja tu: wimbi linalotoka lisibadilike kimo.

Sharti hilo halikuwa tatizo kwa simu za kizazi cha pili, zile tulizoanza nazo, za kupiga na kutuma ujumbe mfupi. Waliobuni mfumo wa GSM walichagua wimbi la kimo kimoja. Habari ilibebwa na mgeuko wa awamu tu, yaani wimbi liliwahi au kuchelewa kidogo, huku kimo chake kikibaki vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho wa zamu yake ya kuruka. Amplifaya ya simu hiyo ilikazwa hadi mwisho na ikaachwa hapo. Kwa kiasi fulani ndiyo maana simu zile zilikaa na chaji siku nne.

Halafu tukataka picha, kisha video, na wimbi la kimo kimoja likawa dogo kwa mzigo. Ili kubeba habari nyingi katika bendi ile ile nyembamba ya masafa, ilibidi kimo nacho kianze kusema. Mnara wa 4G unaotumia bendi ya megahezi 20 haurushi wimbi moja. Unarusha mawimbi madogo 1,200 kwa pamoja, kila moja kwenye masafa yake. Fikiria umati wa watu 1,200, kila mmoja akipiga makofi kwa mwendo wake. Muda mwingi makofi yanachanganyika na kutoa mvumo wa wastani. Lakini mara moja moja, kwa bahati, mikono mingi inakutana kwa wakati mmoja na mlio unapasuka. Katika mawimbi, kilele cha namna hiyo kinaweza kuwa na nguvu mara kumi ya wastani. Kinadumu kwa muda mfupi usiofikika akilini, na amplifaya haina ruhusa ya kukikata. Ukikikata, habari inaharibika, na vipande vyake vinamwagikia kwenye masafa ya jirani na kumharibia mawasiliano yake.

Kwa hiyo mhandisi ananunua lori la tani kumi kwa sababu ya siku moja ya mavuno, halafu analiendesha mwaka mzima likiwa na gunia kumi. Hesabu zake ni za kusikitisha. Amplifaya ya aina ya B, ambayo ni chaguo la wastani la mafundi, kwa nadharia hufikia ufanisi wa asilimia 78.5 wimbi linapofika kileleni. Wimbi likishuka hadi nusu ya kimo, ufanisi unashuka hadi asilimia 39. Nguvu ikiwa moja ya kumi ya kilele, yaani pale wimbi linapoishi muda mwingi, unabaki chini kidogo ya asilimia 25. Na hiyo ni nadharia tupu, kabla ya kupunguza yanayopotea kwenye nyaya. Aina ya A, iliyo aminifu zaidi kwa umbo la wimbi, hapo inabaki na asilimia 5.

Ndiyo maana huwa nakereka ninaposoma karatasi ya sifa za chipu iliyoandika ufanisi wa kileleni kwa herufi nene. Kilele hakilipi bili ya umeme. Nambari ya kuulizia ni ile ya wastani, na ikiwa haijaandikwa, bora kudhani kuna sababu.

Waliobuni 4G walilijua hili, na wakaihurumia simu kuliko mnara. Mnara unapoisemesha simu, unatumia ule umati wa makofi 1,200. Simu inapoujibu mnara, inatumia mpangilio tofauti unaopunguza vilele, ili amplifaya ya mfukoni isiumie na betri idumu. Sehemu nzito ya mzigo ikabaki juu ya mnara. Na huko juu, dawa iliyowasaidia wahandisi ilikuwa na umri wa takriban miaka 70.

William Doherty alikuwa mhandisi kijana wa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1930. Tatizo lake halikuwa simu, bali redio za masafa ya kati. Kituo cha redio cha kilowati 50 kilirusha kilowati hizo 50 hata mtangazaji alipokuwa kimya, kwa sababu wimbi lenyewe la kubebea sauti haliondoki. Sauti ilipopanda hadi mwisho wake, kimo cha wimbi kiliongezeka mara mbili, na nguvu mara nne: kilowati 200. Amplifaya ya aina ya B ilipaswa kuwa tayari kwa kilowati 200 huku ikiishi kwenye 50, na ufanisi wake ulikuwa karibu theluthi moja. Maana yake, kilowati 150 zinaingia, 50 zinaruka hewani, na 100 zinabaki ndani kama joto la kuondolewa kwa maji na feni, usiku na mchana, hata wakati hakuna anayezungumza.

Mwaka 1936 Doherty alichapisha jawabu lake. Badala ya amplifaya moja kubwa, alitumia mbili. Ya kwanza hufanya kazi muda wote. Ya pili imefungwa. Inalala mpaka wimbi lipande kupita nusu ya kimo chake cha juu, ndipo inapoamka kusaidia. Mpaka hapo wazo linaonekana jepesi, kama familia inayoita kibarua wa ziada wakati wa mavuno. Ufundi wenyewe uko kwenye namna wawili hao wanavyounganishwa, na hapo naomba msomaji avumilie aya mbili, kwa sababu hiki ni miongoni mwa vitu vizuri kuliko vyote ninavyovijua katika uhandisi wa umeme.

Kumbuka kwamba amplifaya haiungui sana pale volti yake inapoyumba hadi ukingoni, kikomo kwa kikomo. Doherty alitaka amplifaya ya kwanza ifike ukingoni mapema, wimbi likiwa nusu tu ya kimo. Hilo ni rahisi: ipe ukinzani mkubwa wa kusukuma, na mkondo mdogo utatosha kuinua volti hadi mwisho. Lakini ikishafika ukingoni, itaongezaje nguvu wimbi likizidi kupanda? Volti haiwezi kuongezeka tena. Njia iliyobaki ni kuongeza mkondo, na ili mkondo uongezeke bila volti kupanda, ukinzani inaousukuma lazima upungue. Kwa maneno mengine, mzigo wenyewe unatakiwa ubadilike wakati kazi inaendelea, na ubadilike kwa kasi ile ile sauti inavyopanda na kushuka.

Sasa amplifaya ya pili inapoamka na kusukuma mkondo wake kwenye antena ile ile, kinachotokea ni kinyume cha kinachotakiwa: ya kwanza inaona ukinzani umeongezeka, kwa sababu kuna mwenzake anayepandisha volti pale pale anaposukuma yeye. Msaada umekuwa kikwazo. Doherty akaweka katikati yao waya wenye urefu wa robo ya wimbi. Waya wa namna hiyo una tabia ya kugeuza: ukinzani mkubwa mwisho mmoja huonekana mdogo mwisho wa pili, na mdogo huonekana mkubwa. Basi kadiri ya pili inavyosukuma, ndivyo mzigo wa ya kwanza unavyokuwa mwepesi, na ya kwanza inaendelea kutoa mkondo zaidi na zaidi huku volti yake ikiwa bado ukingoni, mahali pa ufanisi. Hakuna swichi wala wa kuwaamuru. Kupanda kwa wimbi lenyewe ndiko kunakobadilisha mzigo.

Ufanisi uliopatikana ulikuwa asilimia 60 hadi 65, sauti ikiwepo au isiwepo. Kwa kituo cha kilowati 50, kwenye asilimia 60, umeme unaoingia unashuka kutoka kilowati 150 hadi takriban 83. Transmita ya kwanza ya biashara ya kilowati 50 yenye mpango huu iliwashwa mwaka 1938 katika kituo cha WHAS, mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka mmoja kabla ya uvumbuzi wa Doherty, Mfaransa Henri Chireix alikuwa ameonyesha njia nyingine: amplifaya mbili zenye wimbi la kimo kimoja, ambazo hujumlishwa zikiwa zimepishana awamu, zikienda pamoja jumla inakuwa kubwa, zikipingana inakuwa ndogo. Njia ya Chireix nayo ina wafuasi hadi leo, ila kwenye minara ya simu aliyeshinda ni Doherty.

Ushindi wenyewe ulichelewa. Simu za wimbi la kimo kimoja hazikumhitaji. Vizazi vya tatu na vya nne vilipoleta vilele, karatasi ya 1936 ikafunguliwa upya, na mpango wake ukawa wa kawaida katika vituo vya simu duniani. Uaminifu wa wimbi, ambao mpango huu unauharibu kidogo pale amplifaya ya pili inapoamka, hurekebishwa na kompyuta: wimbi hupotoshwa kwa makusudi kabla ya kuingia, kwa kipimo kinyume cha upotoshaji unaolisubiri, ili litoke limenyooka. Transista nazo zilibadilika. Galiamu nitridi, kampaundi ile ile iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014 kwa taa ya bluu ya LED, huhimili volti nyingi katika nafasi ndogo kuliko silikoni, na sasa iko ndani ya yale masanduku yenye mapezi.

Ndani ya chipu mambo ni magumu zaidi. Transista za silikoni za kisasa ni ndogo kiasi kwamba huvunjika zikipewa zaidi ya volti moja au mbili. Antena na nyaya zake, kwa desturi, zina ukinzani wa omu 50. Wimbi lenye kimo cha volti 1 juu ya omu 50 linatoa wati 0.01 tu. Ukitaka wati 1 kwa volti hiyo hiyo, antena inatakiwa ionekane kama omu 0.5, na kwa ukinzani mdogo hivyo hata nyuzi nyembamba za ndani ya chipu zinakula nguvu kabla haijatoka. Miaka ya 1990 wengi waliamini kwamba amplifaya ya simu kamwe haitakaa kwenye silikoni ya kawaida pamoja na kompyuta yake. Mwaka 2002 Ichiro Aoki, Scott Kee, David Rutledge na Ali Hajimiri wa Caltech walionyesha njia: transista kadhaa zikapangwa kwa duara, kila moja ikisukuma kipande chake cha transfoma, na volti zao ndogo ndogo zikajumlishwa kwenye kitanzi kimoja cha pili. Zilitoka takriban wati 2 kwenye gigahezi 2.4, kutoka kwenye silikoni. Kila transista ilibaki na volti iliyoimudu.

Na ule waya wa robo-wimbi? Kwenye megahezi 1, masafa ya redio za kati, wimbi lina urefu wa mita 300, na robo yake ni mita 75. Doherty hakutandaza waya wa mita 75. Alijenga tabia ile ile kwa koili na kapasita. Kwenye gigahezi 3.5, bendi kuu ya 5G, robo ni kama sentimita 2 hewani: inaenea vizuri kwenye bodi ya saketi, lakini ni ndefu mno kwa chipu. Kwenye gigahezi 28 imebaki milimita 2.7 hewani, na karibu nusu ya hapo ndani ya tabaka za kioo juu ya silikoni. Hapo sasa saketi ya Doherty nzima inakaa ndani ya chipu, na wabunifu wa chipu wa leo wanakichora kwa milimita kile kilichojaza chumba mjini Louisville.

Masafa hayo ya juu yana zawadi nyingine. Antena zake ni ndogo, kwa hiyo zinaweza kupangwa nyingi kwenye bamba moja, kila moja na amplifaya yake. Ukipanga 64 na kuzichelewesha kwa vipimo tofauti, mawimbi yao yanakutana upande mmoja na kujengana. Kila moja ikitoa wati 0.01, jumla haifiki hata wati 0.7, ila upande ule ulioelekezwa, mpokeaji anaona kama kuna transmita ya wati 40 inayotawanya kila upande. Nguvu inapelekwa anakoihitaji mtu.

Mpango huu wa antena nyingi umetoka kwenye rada, na hapa jamaa wawili waliopotezana, rada na mawasiliano, wanakutana tena. Mwanzoni walikuwa kitu kimoja. Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins waliegesha gari lao shambani karibu na Daventry, Uingereza, wakiwa na kipokezi, wakaona mwangwi wa ndege kutoka kwenye mawimbi ya kituo cha masafa mafupi cha BBC. Transmita iliyofanya kazi ya rada siku hiyo ilikuwa ya matangazo ya redio. Baadaye kila mmoja alishika njia yake, kwa sababu ya hesabu kali inayoitawala rada. Wimbi lake linatawanyika likienda, na mwangwi unatawanyika tena ukirudi, hivyo ukitaka kuona mbali mara mbili unahitaji nguvu mara 16. Ukiongeza nguvu mara mbili, uoni unarefuka kwa asilimia 19 tu. Anayejenga rada hawezi kupoteza wati, na kwa kawaida alichagua wimbi la kimo kimoja ili transmita ikazwe hadi mwisho. Rada ya gari ya gigahezi 77 iko hivyo: masafa yake yanapanda kama king'ora, kimo hakitikisiki. Ikipanda kwa upana wa gigahezi 4, inaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana chini ya sentimita 4.

Leo wabunifu wa 6G wanataka chipu moja ifanye kazi zote mbili: iongee na simu, na kwa mawimbi hayo hayo itambue gari linalopita au mtu anayevuka. Amplifaya hiyo itapewa wimbi la king'ora sekunde hii na umati wa makofi sekunde inayofuata. Kwa wimbi la kwanza inataka kukazwa hadi mwisho, kwa la pili inataka nafasi juu ya wastani. Njia mojawapo ni kurudi kwa wazo la akina Sokal kwa sura mpya: badala ya transista moja kubwa, mamia ya swichi ndogo zenye kapasita, na kompyuta inahesabu zipi ziwashwe kwa kila kimo. Mwaka 2011 kundi la David Allstot la Chuo Kikuu cha Washington lilionyesha amplifaya ya namna hiyo kwenye silikoni. Swichi zote ziko ama wazi ama zimefungwa. Kimo kinatokana na idadi yake.

Na kuna akiba nyingine ambayo haihitaji saketi mpya, ni kupunguza maneno tu. Mnara wa 4G, hata saa nane za usiku kijiji kizima kikiwa kimelala, haunyamazi: kila milisekunde moja unarusha alama zake za kujitambulisha, na amplifaya lazima ziwe macho kuzirusha. Kwa 5G alama kuu za kuutambulisha mnara kwa kawaida zimewekewa nafasi ya milisekunde 20. Kati ya alama moja na nyingine, kama hakuna anayepiga simu wala kupakua chochote, amplifaya ya pili imelala kama Doherty alivyotaka, na ya kwanza nayo inaweza kuzimwa. Mapezi yanapoa kidogo, kisha inaamka kusema jina lake tena.